Uyoga mgumu kwenye gogo: jani la nyasi limepitaje katikati yake?

MchoraGogo

Habari zenu wote. Naomba msaada wa wanaojua uyoga. Siulizi kwa ajili ya kula, nauliza ili niuelewe.

Nina gogo la mti uliokufa zamani, limelala ukingoni mwa ua, nusu kivulini. Kila Jumapili jioni nakaa mbele yake na daftari na penseli, nachora kinachoota juu yake. Huu ni mwezi wa nne. Mwanzoni nilidhani nachora kitu kimoja. Kadiri ninavyochora ndivyo ninavyogundua kwamba sijui ninachokitazama, na hilo linanitesa, kwa sababu mahali jicho linapokosa jibu, mkono huanza kubuni.

Nadhani aina ni mbili. Ya kwanza naiita vigae. Ni vyembamba kama karatasi ngumu ya jalada, upana wa vidole viwili au vitatu, vimepandana kama vigae vya paa. Havina shina, vimeng'ang'ania gome kwa ubavu mmoja tu. Juu vina mistari ya nusu duara inayofuatana kutoka kwenye gome hadi ukingoni: kahawia iliyokolea, kijivu, rangi ya mchanga, kahawia tena, mwisho ukingo mweupe. Nikipitisha kidole taratibu, mstari mmoja ni laini wenye manyoya kama mahameli, unaofuata unateleza, kisha mahameli tena. Niliwahi kufumba macho nikaihesabu kwa kidole: saba.

Ya pili naiita rafu. Ipo moja kubwa, pana kuliko viganja vyangu viwili vikiwekwa pamoja. Karibu na gogo ni nene kama ngumi, ukingoni imechongoka. Juu ni kahawia ya kijivu, ina matuta na mabonde kama ardhi iliyolimwa, na ni ngumu hasa, nikiigonga kwa kucha inalia kama ubao. Ukingo wake peke yake ndio mweupe na laini kidogo.

Sasa yanayonishinda. Juu ya rafu kuna vumbi rangi ya kutu, laini kuliko unga. Nalifuta kwa kitambaa, wiki inayofuata limerudi. Limetanda pia kwenye majani yaliyo karibu, lakini mita mbili kutoka hapo hakuna kitu. Linatoka wapi?

Halafu kwenye ncha ya gogo kuna rafu mbili ndogo zilizosimama wima, kama sahani kwenye kichanja cha vyombo. Moja imeotesha ukingoni ulimi mpya, na ulimi huo umelala sambamba na ardhi. Ya zamani imesimama, mpya imelala, na zote ni mwili mmoja.

Lakini lililonifanya niandike leo ni jani la nyasi. Linaingia kwa chini ya rafu kubwa na kutokeza juu, upana wa vidole vinne kutoka ukingoni, limenyooka kama sindano iliyochomwa kwenye kitambaa. Jani lenyewe nalikunja kwa kidole kimoja. Rafu nilijaribu kuitoboa kwa ncha ya kisu, kisu kikagoma. Kitu laini namna ile kimepitaje kwenye kitu kigumu namna ile bila hata kujikunja?

Nimeambatanisha picha tano.

Lenzi_Kumi

Ndugu MchoraGogo, hongera kwa miezi minne ya kutazama. Ila picha zako zote tano umezipiga kwa juu, na kuutambua uyoga wa namna hii kwa juu ni sawa na kumtambua mtu kwa kisogo. Uso wake uko chini.

Nianze na jani, maana ndilo lililokuleta. Jani halikutoboa kitu. Jani lilikuwepo kwanza. Rafu haikui mwili mzima, inakua kwenye ule ukingo mweupe tu, na ukingo huo wakati wa kukua ni laini, umejaa nyuzi changa zinazosonga mbele. Zikikutana na jani, kijiti au hata jiwe dogo, hazikisukumi. Zinapita kushoto na kulia, zinakutana upande wa pili, zinashikana, na safari inaendelea. Ugumu unakuja baadaye. Bila shaka umewahi kuona mti uliomeza waya wa uzio, ni jambo la namna hiyo. Kwa hiyo lile jani linakuonyesha mahali ukingo ulipokuwa siku ulipolifikia. Vidole vinne vyote kutoka jani hadi ukingo wa leo vimeongezeka tangu siku hiyo.

Vumbi la rangi ya kutu ni spora za rafu yenyewe, ndizo mbegu zake. Zinadondoka kutoka chini, kisha hewa inayojizungusha ukingoni inazibeba na nyingine zinatua mgongoni. Ni ndogo mno, kama sehemu moja ya mia ya milimita, ndiyo maana upepo usioweza kutikisa hata jani unaziinua. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba rafu moja kubwa ya aina hiyo inaweza kutoa spora bilioni 30 kwa siku, kwa miezi mitano au sita mfululizo. Rangi hiyo, ugumu huo na ukingo huo mweupe vinanipeleka moja kwa moja kwenye jamii ya uyoga iitwayo Ganoderma, nadhani kundi la Ganoderma applanatum. Ana ndugu yake wa karibu sana, Ganoderma australe, na kuwatenganisha kwa uhakika kunataka hadubini, kwa hiyo mimi naishia kwenye kundi.

Kuhusu vigae, nenda ukatazame chini kabla sijasema neno. Ukikuta vitundu, kama uso uliodungwa kwa ncha ya pini, vitatu hadi vitano kwa kila milimita, vyeupe au rangi ya maziwa, hiyo ni Trametes, na kwa mistari uliyoieleza ningeanza na Trametes versicolor. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuelezea mwaka 1753, na neno versicolor maana yake ni wenye rangi za kubadilika. Ukikuta uso mtupu, laini, bila tundu hata moja, basi ni Stereum. Hao wawili kwa juu hufanana hadi watu wazoefu hukosea. Ukikuta mikunjo iliyotandazwa kama kipepeo cha mkono, na kila mkunjo umepasuka katikati kwa urefu wake, ni Schizophyllum commune, ambao unaota kila bara isipokuwa Antaktika. Wako sidhani, huo ni mdogo, mweupe wa kijivu, manyoya mwili mzima, wala hauna mistari ya rangi kama uliyoieleza. Lakini usiamini maneno yangu, amini jicho lako.

Tafadhali usivunje. Tumia kioo kidogo, ukiweke chini yake.

Nimefurahi sana kwamba umeihesabu mistari kwa kidole. Wengi huishia kwenye rangi. Kwa Trametes, mistari ya mahameli na mistari inayoteleza kupokezana ni dalili nzuri kuliko rangi, kwa sababu rangi hubadilika kutoka gogo hadi gogo, na unyevu nao huibadilisha.

FundiRanda

Mimi ni seremala, uyoga siujui kwa majina hayo, naujua kwa kazi unayoifanya kwenye mbao.

Hicho unachokichora ni tunda tu. Mwenyewe yuko ndani ya gogo, nyuzi nyembamba zilizosambaa kila mahali, na alianza kula muda mrefu kabla hujaona kigae cha kwanza. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikwangua uyoga kwenye boriti, akapaka rangi, akaridhika. Nilipoichoma boriti kwa bisibisi, iliingia hadi kwenye mpini. Kukwangua tunda hakumsumbui aliye ndani. Kinachomsumbua ni ukavu: mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu hawezi kuila.

Tazama ncha ya gogo lako mahali lilipokatwa. Kama mti umekuwa mweupe, mwepesi, unachanika kwa nyuzi nyuzi, hapo kinacholiwa ni lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu, pamoja na vingine. Kama umekuwa kahawia na unakatika vipande vya mraba kama matofali madogo, hapo imeliwa selulosi, yaani nyuzi zenyewe za mti, lignini imeachwa. Kwa uyoga alioutaja Lenzi_Kumi nategemea ukute weupe.

Na kwa kuwa wewe ni mchoraji, tafuta mistari myeusi. Ndani ya mbao za namna hiyo huwa kuna mistari myembamba mno, kama imechorwa kwa kalamu ya wino, inazunguka na kufunga maumbo kama mipaka ya ramani. Na ni mipaka kweli. Kuvu mmoja akikutana na mwingine ndani ya gogo, hujenga ukuta mweusi kuulinda upande wake. Ukikata gogo hilo mbao, mistari inatoka na uzuri ambao sijauona kwenye kitu kingine chochote ninachokishika kazini. Kuna wachongaji wa bakuli wanaotafuta mbao zenye mistari hiyo makusudi, wanachoomba ni kuiwahi kabla haijaoza kupita kiasi.

Njia_ya_Mlima

Naongeza moja dogo. Yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu mwaka 1991, milimani mpakani mwa Austria na Italia, aliyekufa miaka kama 5,300 iliyopita, alikuwa na uyoga wa aina hii safarini. Vipande viwili vilitungwa kwenye ukanda wa ngozi, na kwenye mkoba wake kulikuwa na aina nyingine, ile inayoshika moto vizuri ikipata cheche. Nikiona hizo rafu kwenye magogo huwa namkumbuka.

Unaweza kuliwa lakini?

Lenzi_Kumi

Njia_ya_Mlima, kwa picha za mtandaoni sitamwambia mtu yeyote ale uyoga wowote. Huo ni msimamo wangu na siubadilishi.

MchoraGogo

Nimerudi. Leo nimelala kifudifudi kwenye majani makavu zaidi ya saa nzima, na kioo cha kunyolea mkono mmoja, tochi mkono mwingine.

Vigae kwanza. Ni vitundu! Miezi minne nimechora vigae hivyo na sikujua vina vitundu. Rangi ni ya maziwa. Niliweka rula ya plastiki kando ya kioo nikahesabu kwa lenzi niliyoazima: mahali pengine vinne kwa milimita, mahali pengine vitatu na nusu hivi. Si mviringo vyote, vingine vina pembe, na karibu na gome vimevutika, vinaonekana virefu kama vimemiminika. Kwa hiyo Trametes. Nimeandika jina chini ya mchoro wa zamani, kwa penseli nyepesi, pamoja na "versicolor" na alama ya kuuliza.

Halafu rafu. Kioo kilipofika chini yake nilidhani mwanga wa tochi umenichezea. Juu ni kahawia kama udongo, chini ni nyeupe kama chaki, nyeupe tupu isiyo na doa. Kwa macho sikuona tundu lolote. Nikasogeza kidole niguse, ukucha ukateleza, na hapo hapo ukatokea mstari wa kahawia. Sikubonyeza, niliparuza tu. Mstari ulikolea nikiutazama, kama wino unavyokolea kwenye karatasi nyevu, na sasa upo, una urefu wa kidole gumba, hautoki. Nilishtuka, nikahisi nimeuumiza. Je, nimeuumiza?

Ncha ya gogo nimeitazama pia, fundi. Mti ni mweupe, nimechanua unyuzi mmoja kwa vidole bila nguvu. Na mistari myeusi ipo. Mmoja unapita katikati kabisa ya eneo la vigae na eneo la rafu. Upande huu vigae vitupu, upande ule rafu tupu. Nimechora kwa miezi minne mpaka ambao sikuuona, na nilikuwa nimeuheshimu kwenye kila ukurasa bila kujua, kwa sababu hakuna hata mchoro mmoja ambao kigae kimeota upande wa rafu. Nimepitia daftari lote kuhakikisha.

Kuhusu zile mbili zilizosimama wima, nimekumbuka jambo. Mwaka juzi tuliliviringisha gogo hilo robo mzunguko ili gari lipite. Sikulihusisha kabisa.

Lenzi_Kumi

Hujauumiza kwa maana ya kuuangamiza. Uso huo mweupe hugeuka kahawia ukiguswa, na alama hubaki. Ni kwa sababu hiyo watu wengi huuita uyoga wa wachoraji: huutoa kwenye mti, huchora chini yake kwa ncha kali, huukausha, na picha hukaa miaka mingi. Kwa hiyo uyoga huo umekupokea kwa namna yake, ndugu yangu. Na alama hiyo inazidi kukuhakikishia kwamba uko kwenye lile kundi.

Vitundu vipo hata hapo, ni vidogo zaidi, vinne hadi sita kwa milimita. Kila kimoja ni mdomo wa bomba linalopanda juu ndani ya mwili wa rafu. Mabomba hayo ndiyo yanayojibu swali lako la rafu zilizosimama.

Spora huzaliwa kwenye kuta za ndani za bomba. Hurushwa kidogo sana, zifike katikati tu bila kugonga ukuta wa pili, kisha zinadondoka. Bomba lina upana wa sehemu ya milimita, urefu wake unaweza kuwa milimita nyingi. Likiinama kidogo tu, spora zinagonga ukuta, zinanata, hazitoki. Kwa hiyo lazima bomba liwe wima kabisa. Mlipoviringisha gogo, rafu zile mbili zililala kwa ubavu na mabomba yake yote yakawa ya mlalo, hayafai tena. Mwili uliokwisha kuwa mgumu haukunjiki. Kilichobaki ni kuanzisha ulimi mpya ukingoni, na ulimi huo ukafuata mvuto wa ardhi upya. Gogo likiviringika mara mbili, utakuta pembe mbili.

Umbo lote unalolichora, ubapa wake, kukosa shina, kulala sambamba na ardhi hata gogo likiwa limeinama, ni kwa ajili ya safari hiyo fupi ya kudondoka.

FundiRanda

Kwa hiyo uyoga una timazi ndani yake, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima.

Miaka yote nimetembea na timazi mfukoni na sikuwahi kuwaza kwamba kilichoota kwenye gogo nacho kinapima. Kesho nitaishusha kamba yangu kando ya ulimi mpya kwenye gogo lililo nyuma ya karakana. Na MchoraGogo, huo mstari mweusi uliouona kati ya hao wawili, uchore. Wengi hupita hapo bila kuuona.

MchoraGogo

Nimeuchora jana. Pia nimechora upande wa chini wa rafu kwa mara ya kwanza, kwa kioo, kwa hiyo mchoro umetoka kinyume na nimeuacha hivyo hivyo. Mstari wa ukucha wangu nao nimeuweka, kwa sababu sasa ni sehemu yake. Sitaongeza mwingine wala sitaing'oa nichore juu yake, Lenzi_Kumi, ingawa nakushukuru kwa kunieleza. Nataka niione inavyoendelea.

Jani nalo nimelichora upya. Zamani nililichora likiingia, na pale lilipogusana na rafu nilikuwa nimeweka kivuli kizito cha kuficha nisichokijua. Nilipotazama kwa lenzi niliona mwili wa rafu umelizunguka jani kwa ukaribu mno, hakuna mwanya, na upande wa ndani kabisa kuna mshono mdogo sana, mahali nyuzi za kushoto na za kulia zilipokutana. Una urefu kama punje tatu za mchanga zikipangwa. Nimeuchora kwa mstari mmoja.

Halafu nimechomeka kijiti chembamba ardhini, kimesimama wima, milimita mbili mbele ya ukingo mweupe. Nitakuwa nakichora kila Jumapili.

Lenzi_Kumi

Andika tarehe kwenye kijiti chenyewe, kwa penseli, si kwa wino. Na ukingo ukikifikia kijiti, tuletee picha ya chini.